Kutundika ukutani michoro ya kale ya maisha ya wadudu: mwongozo kamili kwa kutumia mabamba ya Maria Sibylla Merian

Mwaka 1705, mjini Amsterdam, Maria Sibylla Merian alitoa kitabu kikubwa chenye mabamba 60, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya shaba vilivyochongwa, yanayoonyesha wadudu na mimea ya Suriname, koloni la Waholanzi lililokuwa kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Kitabu hicho, Metamorphosis insectorum Surinamensium, kimezaa mapambo yasiyohesabika: vikombe, foronya za mito, kalenda na picha za ukutani. Kwa bahati mbaya, mapambo mengi hayo yamekatwakatwa. Mnunuzi hupewa kipepeo peke yake katikati ya weupe, bila jani alilokula alipokuwa kiwavi na bila bundo, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo, alimotoka.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuiweka picha ya namna hiyo nyumbani ikiwa nzima, ikiwa na ukubwa wake wa asili, na ikae miaka mingi bila kuharibika. Msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba bamba la Merian lilichorwa ili lisomwe, na kwa sababu hiyo kila uamuzi utakaofanya, kuanzia faili utakalopakua hadi msumari utakaoupigilia, upimwe kwa swali moja: je, mtu aliyesimama mbele ya picha ataweza kuyafuata maisha ya mdudu huyu kwa macho yake?

Kwanza, machache kumhusu mchoraji

Merian alizaliwa Frankfurt mwaka 1647. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mchongaji wa mabamba na mchapishaji mashuhuri, na baba yake wa kambo, Jacob Marrel, alikuwa mchoraji wa maua. Alianza kufuga viwavi vya hariri akiwa na miaka 13, kisha akaendelea na viwavi vya kila aina alivyoviokota bustanini, akivilisha na kuandika siku vilipojifunga na siku wadudu walipotoka. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya bado waliamini kwamba wadudu huzaliwa kutokana na tope, umande au vitu vilivyooza. Mwaka 1679 alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu viwavi, chenye mabamba 50, na humo akaweka mpango aliouendeleza maisha yake yote: mmea mmoja katikati, na juu yake mdudu katika umri wake wote kwa pamoja.

Mwaka 1699 alipanda meli kwenda Suriname pamoja na binti yake mdogo, Dorothea Maria. Alirudi mwaka 1701, afya yake ikiwa imedhoofika. Kazi ya kule haikuwa yake peke yake. Wenyeji wa Amerika na Waafrika waliokuwa watumwani ndio waliomfungulia njia msituni, wakamletea wadudu na kumweleza matumizi ya mimea, naye alikiri msaada huo katika maandishi yake, ingawa hakuandika majina yao.

Hatua ya kwanza: lisome bamba kabla ya kulipenda

Fungua bamba la pili, lile la nanasi lililoiva. Macho huenda moja kwa moja kwenye tunda, na hapo ndipo watu wengi huishia. Sasa tafuta kiwavi, kisha bundo lake, kisha kipepeo. Utaona kipepeo amechorwa mara mbili: mara moja akiwa amekunjua mabawa ili rangi za upande wa juu zionekane, na mara nyingine akiwa ameyakunja ili uone upande wa chini, ambao kwa vipepeo wengi ni tofauti kabisa. Huo si upambaji tu. Mtu wa karne ya 17 aliyemwona kipepeo huyo ametua na baadaye akamwona anaruka angeweza kudhani ni wadudu wawili. Juu ya taji la nanasi kuna vidudu vidogo sana ambavyo havionekani kabisa picha ikichapishwa kwa ukubwa wa kadi ya posta.

Bamba la kwanza linafundisha jambo jingine. Hilo nalo ni la nanasi, lakini likiwa bado katika hali ya ua, na wadudu wake ni mende. Mende hapiti hatua ya bundo: mtoto wake hutoka yaini akiwa tayari na umbo la mende, asiye na mabawa, akakua kwa kujivua gamba mara kwa mara. Ukiyaweka mabamba haya mawili kando kwa kando, una somo zima la sayansi ya shule ya msingi juu ya mabadiliko kamili na yasiyo kamili, tena kwenye mmea mmoja.

Jihadhari pia na makosa yake, maana yapo. Katika bamba la 18, lenye tawi la mpera, amechora buibui mkubwa mwenye manyoya akimla ndege mdogo sana anyonyaye maua, jamii ambayo huku kwetu haipo, ingawa kwa mwenendo inamkumbusha mtu chozi. Kando yake kuna kiota chenye mayai manne, ilhali ndege hao hutaga mawili. Waandishi wa karne ya 19 walimcheka hata kuhusu buibui mla ndege, mpaka Henry Walter Bates, mtafiti wa viumbe kutoka Uingereza, alipoeleza mwaka 1863 kwamba aliliona jambo hilo kwa macho yake huko Amazon. Katika bamba la 49 kuna mdudu mwenye kiwiliwili cha nyenje na kichwa cha mdudu mwingine, kiumbe ambaye hayupo duniani. Mimi sioni makosa haya kuwa sababu ya kuikataa picha, lakini mtu anayetundika kitu ukutani anapaswa kujua anachokitundika, hasa kama ana watoto wanaouliza.

Hatua ya pili: chagua bamba linalofaa nyumba yako

Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida ambayo Wazungu wa mwaka 1705 hawakuwa nayo: mimea mingi iliyomo anaijua kwa kuila. Nanasi, muhogo, mpera, mpapai, mkorosho, viazi vitamu na pilipili, vyote asili yake ni Amerika, na vingi vilifika katika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita huku. Bamba la muhogo, kwa mfano, linaonyesha majani yale yale ya kisamvu na mzizi ule ule, lakini wadudu walio juu yake ni wageni kabisa. Ugeni huo ndani ya jambo la kawaida ndio unaomfanya mgeni asimame mbele ya picha.

Bamba la 45 linahitaji uangalifu wa pekee. Mmea wake ni mnyonyore, ule wenye maua mekundu na manjano unaopandwa kuwa ua wa nyumba kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, na juu yake kuna nondo mkubwa pamoja na kiwavi chake. Kwa macho ni moja ya mabamba mazuri kuliko yote. Lakini katika maelezo yake Merian aliandika kwamba wanawake waliokuwa watumwani walitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Aliyesoma maelezo hayo hawezi tena kuliona kuwa pambo la maua tu. Ningelitundika bamba hilo mahali pa kusomea, likiwa na maelezo yake chini, na nisingeliweka chumbani kwa wageni wala juu ya meza ya chakula.

Kama ukuta wako unachukua picha moja tu, chukua bamba la pili. Kama unachukua mbili, ongeza la kwanza. Kwa picha tatu au zaidi, chagua mabamba yanayokaribiana kwa uzito wa rangi, na usichanganye matoleo tofauti ya kitabu, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Hatua ya tatu: pata faili sahihi

Merian alifariki mwaka 1717, kwa hiyo kazi yake haina tena hakimiliki. Kilichobaki kuangaliwa ni masharti ya maktaba au makumbusho yaliyopiga picha nakala hiyo. Hazina za mtandaoni Biodiversity Heritage Library na Wikimedia Commons, pamoja na tovuti ya Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, ni mahali pazuri pa kuanzia, na kila picha huambatana na maelezo ya matumizi. Yasome kabla ya kupakua, hasa kama unakusudia kuuza nakala na si kupamba nyumba yako tu.

Sasa ule utata wa matoleo. Mabamba ya shaba yalitoa mistari myeusi pekee, na rangi ilipakwa baadaye kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo hakuna nakala mbili zinazofanana: katika moja kiwavi ni kijani kibichi, katika nyingine amekaribia kuwa kahawia, na katika ya tatu hana rangi kabisa. Toleo la mwaka 1719, lililotoka baada ya kifo chake, liliongezwa mabamba 12 na kufikia 72, na mengine ya baadaye yalipakwa rangi na watu ambao hawakuwahi kumwona mdudu mwenyewe. Ukiweza, chukua nakala ya mwaka 1705.

Kuna jambo jingine linalowababaisha wengi: unakuta bamba lile lile likielekea kulia katika nakala moja na kushoto katika nyingine. Si lazima iwe kwamba mtu ameigeuza kwenye kompyuta. Merian alikuwa akichukua karatasi iliyotoka kuchapwa, wino ukiwa bado mbichi, akailaza juu ya karatasi nyingine na kuzikandamiza pamoja. Karatasi ya pili ilipata mistari hafifu zaidi, isiyo na alama ya kingo za bamba, ikielekea upande ule ule wa mchoro wake wa awali, na rangi ikipakwa juu yake huonekana kama mchoro halisi wa mkono. Nakala za aina hii ni laini na za kupendeza mno, ila usizichanganye na zile za kawaida kwenye ukuta mmoja.

Hatua ya nne: amua ukubwa

Hapa ndipo kiini cha kazi nzima kilipo. Jina kamili la kitabu chake kwa Kiholanzi linasema kwamba viumbe hao walichorwa kwa ukubwa wao halisi. Maana yake ni kwamba ukichapisha bamba kwa kipimo cha karatasi ya asili, kipepeo aliye ukutani kwako atakuwa na ukubwa wa kipepeo aliyekuwa mbele ya Merian. Ukilipunguza liwe A4, umemdhulumu mdudu. Ukilikuza lijaze ukuta, umemgeuza zimwi.

Karatasi za kitabu zilikuwa na urefu wa nusu mita hivi. Angalia kwanza kama maelezo ya maktaba yanataja vipimo vya karatasi au vya bamba, na kama picha ina rula pembeni, tumia hiyo. Kisha piga hesabu: sentimita 50 ni sawa na inchi 19.7, na uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi unahitaji faili lenye pikseli 5,900 hivi kwa urefu. Nukta 200 kwa inchi bado zinakubalika kwa picha inayotazamwa kwa umbali wa mkono mmoja, na hapo pikseli 3,940 zinatosha. Faili lenye pikseli 1,500 usilichapishe kwa ukubwa huu hata kama fundi anakuhakikishia kwamba atalikuza kwa programu, kwa kuwa programu hubuni manyoya ya kiwavi ambayo hayakuwepo. Karatasi ya kuchapia iwe A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4, ambayo itabeba picha nzima na kuacha ukingo mweupe wa kushikia.

Usikate ukingo wa asili. Namba ya bamba iliyo pembeni, pamoja na ule mstari mdogo uliobonyea pale shaba ilipokandamiza karatasi, ni sehemu ya picha.

Hatua ya tano: rangi, karatasi na wino

Kishawishi cha kwanza ni kuing'arisha picha. Karatasi ya miaka 300 ina umanjano na madoadoa ya kahawia, na mtu hutaka kuyafuta yote. Punguza umanjano kidogo kama umezidi, lakini usiifanye karatasi iwe nyeupe kama shuka, kwa sababu mpakaji rangi aliuhesabu weupe wa karatasi yake katika mabawa na maua, na ukiugeuza huo umegeuza kila kitu. Doa lililo pembeni, mahali patupu, linaweza kufutwa. Doa lililo juu ya jani liache, maana huenda ni tundu lililochorwa makusudi: Merian alipenda kuonyesha majani yaliyoliwa.

Omba karatasi isiyong'aa, iliyotengenezwa kwa pamba na isiyo na asidi, yenye uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, na wino wa chembechembe badala ya wino wa kawaida wa maji, kwani wino wa kawaida hupauka upesi. Kabla ya kulipia karatasi nzima, omba kipande cha majaribio chenye upana wa kiganja, kikiwa na sehemu ya kiwavi na sehemu ya jani. Kitazame mchana karibu na dirisha, kisha usiku chini ya taa ya sebuleni kwako. Kijani ndicho husaliti kwanza: kikigeuka bluu chini ya taa, rudi kwa fundi.

Hatua ya sita: fremu

Bamba langu la kwanza niliharibu mwenyewe. Nilimwambia fundi aliweke moja kwa moja chini ya kioo ili fremu iwe nyembamba, na masika ya mwaka uliofuata unyevu ukaingia, karatasi ikajikunja na kunata kwenye kioo. Nilipoivuta, mabawa ya upande mmoja yalibaki kiooni. Tangu hapo sikubali karatasi iguse kioo.

Dawa ni kadi nene, isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, ambayo huwekwa kati ya picha na kioo. Dirisha liwe pana kuliko bamba kwa sentimita moja au mbili kila upande ili ukingo uonekane, na upande wa chini wa kadi uwe mpana kidogo kuliko wa juu, la sivyo picha huonekana kama inateleza. Rangi ya kadi iwe nyeupe iliyopoa au ya maziwa. Kadi ya rangi kali hushindana na kiwavi, na kiwavi ndiye hushindwa.

Picha isigundishwe kwenye kadi ya nyuma. Mwambie fundi aishike kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba upande wa juu tu, kwa gundi ya unga wa ngano inayoweza kulainishwa kwa maji, ili karatasi iweze kutanuka na kusinyaa na hali ya hewa. Selotepu ni marufuku: baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka. Ubao wa mgongo usiwe wa mbao zilizobanwa zenye harufu ya gundi. Mwisho, zibeni kingo zote za nyuma kwa utepe wa karatasi, kwa sababu wadudu wa kweli hupenda sana karatasi na gundi ya unga, nao hawajali kwamba picha ni yao.

Kioo cha kawaida kinatosha ukutani kusikopigwa na jua. Akriliki, yaani plastiki angavu, ni nyepesi na haivunjiki, lakini hukwaruzika ikifutwa kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya saba: kutundika

Makumbusho mengi huweka kazi za karatasi zenye rangi nyepesi chini ya mwanga wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambao kwa nyumba za kawaida ni hafifu mno. Nyumbani inatosha kukwepa ukuta unaotazamana na dirisha la mashariki au magharibi, pamoja na jikoni, bafuni na ukuta wa nje unaolowa wakati wa mvua. Madhara ya mwanga hujumlika, wala hayarudi nyuma hata ukifunga pazia baadaye.

Watu wengi hutundika picha juu mno. Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na kama watoto ndio wasomaji wakuu, shuka hadi 120 bila aibu. Mbele ya picha pawe wazi. Kochi likiwa chini yake hakuna atakayeinama kumtafuta kiwavi. Kwenye kuta za matofali tumia drili na rolplagi. Katika nyumba za zamani za pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lipu hubomoka kwa urahisi, kwa hiyo toboa polepole, bila kugonga, na utumie skrubu ndefu inayofika kwenye jiwe lenyewe. Bandika vipande vya kizibo vyenye unene wa milimita 3 hadi 5 kwenye pembe mbili za chini za fremu, upande wa nyuma, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Kibandiko cha maelezo ni jambo dogo ambalo wengi huliacha. Katika kitabu, maelezo yalikuwa kwenye ukurasa unaotazamana na bamba, na bamba likitolewa humo hubaki bubu. Chapisha kadi ndogo yenye namba ya bamba, mwaka, jina la mmea kwa Kiswahili, na hatua za mdudu kwa mpangilio unaofuatwa na jicho. Kwangu mimi kadi ya bamba la pili imeandikwa hivi: "Nanasi. Tafuta kiwavi, kisha bundo, kisha kipepeo mara mbili. Juu kabisa kuna wadogo sana."

Neno kwa anayetaka nakala ya kale yenyewe

Mara chache utakuta muuzaji anayedai kuwa na bamba halisi la karne ya 18. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona mistari imevunjika kuwa nukta za rangi zilizopangika, hiyo ni chapa ya kisasa. Katika chapa halisi mstari ni mweusi mfululizo, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi, kiasi kwamba ukimulika tochi kutoka ubavuni unaona kivuli chake. Karatasi ya wakati huo ikiinuliwa kuelekea mwanga huonyesha mistari ya wavu wa kutengenezea, na rangi iliyopakwa kwa mkono hupita mpaka hapa na pale. Binafsi sipendi kununua kurasa zilizonyofolewa vitabuni, kwa sababu kila ununuzi humpa mtu mwingine sababu ya kunyofoa.

Baada ya picha kutundikwa, ishushe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Tazama mgongoni kama utepe umebanduka, kama kuna unga wa mbao au njia ya udongo ya mchwa kwenye ukuta, na kama kadi ina mawimbi. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usisubiri mvua iishe: fungua fremu siku hiyo hiyo, laza picha ikauke kivulini penye hewa, na ubadilishe kadi ya nyuma kabla ya kuirudisha.